Kupanga Madirisha ya Kompyuta kwa Vigae na kwa Ngazi: Mwongozo Kamili kwa Ofisi na Steshenari

Namba ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo mwenyewe anaweza kuzitaja hata usingizini. Kumi na mbili zinazofuata hazishiki kichwani, na humo ndimo makosa yanamotokea. Ingia steshenari yoyote ya Ngamiani, jijini Tanga, mchana uone kazi inavyokwenda. Kitambulisho kimeskaniwa na kimejaza skrini nzima. Fomu ya maombi ya ajira au ya mkopo wa chuo iko nyuma yake, nayo imejaza skrini nzima. Kijana wa kompyuta anasoma tarakimu tano, anabadili dirisha, anaandika, anarudi, anasoma tano nyingine. Mteja amesimama pembeni: "Kaka, hebu iangalie tena hiyo ya katikati." Anarudi tena.

Bandarini hali ni hiyo hiyo, ila kosa linauma zaidi. Tangu kina cha maji gatini Tanga kilipochimbwa kufikia mita 13, meli kubwa zinafunga gatini badala ya kutia nanga mbali na kupakuliwa kwa matishari. Kila mzigo unaoshuka una ankara yake, orodha ya vifurushi, hati ya shehena ambayo kila mtu anaiita BL, na fomu ya kujaza kwenye mfumo wa forodha. Namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7, na ile tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia, hivyo ukikosea moja kuna njia ya kukugundua. Uzito wa mzigo hauna mlinzi wa aina hiyo. Ukiandika kilo 24,580 mahali pa 25,480, hakuna hesabu itakayopiga kelele mpaka mtu alinganishe karatasi kwa macho.

Macho hayawezi kulinganisha vitu viwili ambavyo havionekani kwa pamoja. Unapoficha dirisha moja ili uone jingine, unaikabidhi kumbukumbu kazi ya macho, na kumbukumbu ya mtu aliyekaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi si ya kuaminiwa kwa tarakimu. Sehemu kubwa ya tatizo hili inatibika kwa kupanga madirisha, na uwezo huo umo ndani ya kompyuta uliyonayo. Hauhitaji programu ya kununua wala bando.

Mipango miwili

Kupanga kwa vigae ni kuyagawia madirisha skrini yote bila moja kufunika jingine, ubavu kwa ubavu au juu na chini. Kila kitu kinaonekana, lakini kila dirisha linapata nafasi ndogo.

Kupanga kwa ngazi ni kuyaweka moja juu ya jingine, kila moja likishuka kidogo na kusogea kulia, mpaka vichwa vya madirisha vyote vionekane kama karata zilizotandazwa mkononi. Hapa unaona majina ya yote, ila unasoma moja tu, lile la mbele.

Mipango yote miwili ni ya zamani. Toleo la kwanza kabisa la Windows, lililotoka Novemba 1985, lilijua vigae tu: madirisha ya programu hayakuweza kulaliana. Kulaliana kulikuja na toleo la pili, Desemba 1987, na amri za kupanga kwa vigae na kwa ngazi zikawa sehemu ya matoleo yaliyofuata. Kwa hiyo hata ile kompyuta ya mtumba iliyoletwa ofisini bila mtu kujua umri wake inaweza kazi hii.

Kanuni ninayoifuata, na ambayo ningependa kila anayeanza kazi ya kompyuta aipate mapema, inategemea macho yako yanafanya nini. Kama unalinganisha au unahamisha taarifa kutoka karatasi moja kwenda nyingine, tumia vigae. Kama una faili nyingi zinazosubiri zamu, tumia ngazi. Kama unasoma au unaandika kitu kimoja kirefu, acha dirisha lijaze skrini na usijisumbue na mpango wowote.

Maandalizi

Watu wengi hujaribu mara moja, skrini ikavurugika, wakaacha. Karibu kila mara sababu ni kuruka hatua hizi.

Kwanza, shusha chini (minimize) madirisha yote usiyoyahitaji kwa kazi ya sasa. Dirisha lililoshushwa halihesabiwi na amri za kupanga. Ukiwa na madirisha saba wazi ukaamuru vigae, utapata vipande saba visivyosomeka. Ukishusha matano, utapata mawili safi. Njia ya haraka ni kubonyeza Win na M kwa pamoja ili yote yashuke, halafu uyapandishe mawili unayoyataka kwa kuyabofya kwenye ukanda wa chini, ule wenye kitufe cha Start.

Pili, tenganisha vichupo (tabs). Hapa ndipo wengi hukwama. Kivinjari kikiwa na kurasa tatu juu yake, hizo ni vichupo vitatu vya dirisha moja, na kompyuta haiwezi kuvipanga kwa sababu inaona dirisha moja tu. Shika kichupo kwa mausi, kivute kuelekea katikati ya skrini, kisha achia. Kitakuwa dirisha linalojitegemea. Kama bado hujafungua kiungo, kibofye huku umeshikilia Shift, nacho kitafunguka kwenye dirisha jipya. Faili za PDF nazo mara nyingi hufunguka kama vichupo, kwa hiyo ankara na BL zinaweza kuwa ndani ya dirisha moja bila wewe kutambua. Zitenganishe kwa njia hiyo hiyo.

Tatu, jua upana wa skrini yako. Laptopu nyingi za bei ya kawaida na za mtumba zina skrini ya nukta (pikseli) 1366 kwa 768. Ukigawa mara mbili ubavu kwa ubavu, kila dirisha linapata nukta 683, na ukurasa wa A4 unasomeka humo bila shida. Ukigawa juu na chini, ukitoa nukta 40 za ukanda wa chini wa Windows 10, kila dirisha linabaki na kimo cha nukta 364, na kwenye Excel karibu nusu ya hizo inaliwa na vitufe vya juu. Kwa skrini hiyo usiende zaidi ya madirisha mawili. Anayekuambia ugawe mara nne ana monita kubwa mezani.

Windows 10 na zilizotangulia: amri kwenye ukanda wa chini

Bofya kwa kitufe cha kulia cha mausi mahali patupu kwenye ukanda wa chini. Hakikisha ni patupu, maana ukibofya juu ya alama ya programu utapata menyu nyingine kabisa. Utaona maneno matatu yanayotuhusu.

"Cascade windows" hupanga kwa ngazi. "Show windows stacked" hupanga juu na chini. "Show windows side by side" hupanga ubavu kwa ubavu. Madirisha mawili yatagawana skrini nusu kwa nusu. Matatu yatakuwa safu tatu. Manne yatakaa mawili juu na mawili chini.

Matokeo yasipokupendeza, bofya tena pale pale na utakuta neno linaloanza na "Undo". Kila kitu kitarudi kilipokuwa. Litumie mapema, kabla hujaanza kusogeza au kufunga madirisha.

Kwenye Windows XP na zilizotangulia, majina ya amri za vigae ni "Tile Windows Horizontally" na "Tile Windows Vertically". Ile ya kwanza hupanga juu na chini, ya pili ubavu kwa ubavu. Watu hutarajia kinyume chake, kwa hiyo jaribu moja uone kabla ya kudhani kompyuta imekosea.

Kubandika pembeni: njia ya kila siku

Amri za ukanda wa chini hupanga yote kwa mkupuo. Kwa kazi ya kawaida ya karatasi mbili, njia bora ni kubandika dirisha moja moja pembeni mwa skrini. Uwezo huu ulikuja na Windows 7 mwaka 2009, na kama utajifunza kitu kimoja tu humu, kiwe hiki.

Tuchukue ile fomu na kile kitambulisho.

1. Bofya dirisha la kitambulisho ili liwe la mbele.
2. Shikilia kitufe cha Win, kile chenye nembo ya Windows kando ya Alt, kisha bonyeza mshale wa kushoto. Dirisha litakaa nusu ya kushoto.
3. Kwenye Windows 10 na 11, upande wa kulia utakuonyesha picha ndogo za madirisha mengine. Bofya ile ya fomu, nayo itakaa nusu ya kulia. Kwenye Windows 7 na 8 picha hizo hazitokei. Bofya fomu mwenyewe, kisha Win na mshale wa kulia.
4. Peleka mausi kwenye mpaka kati ya madirisha mawili mpaka kishale kiwe na ncha mbili, kisha buruta. Kwenye Windows 10 na 11, moja likipungua jingine linapanuka papo hapo. Kitambulisho hakihitaji nusu nzima, kwa hiyo ipe fomu sehemu kubwa.
5. Kuza tarakimu. Ukiwa juu ya kitambulisho, shikilia Ctrl na uzungushe gurudumu la mausi. Ziwe kubwa kiasi kwamba mteja aliyesimama anaweza kuzisoma naye.

Hatua ya tano ina thamani kuliko inavyoonekana. Mteja akiona kitambulisho chake na fomu kwa pamoja anakuwa msomaji wa pili. Mwambie tu, "Mama, nisomee namba taratibu, mimi nafuatisha kwenye fomu," na mtakamata kosa pale pale, kabla fomu haijatumwa.

Asiyependa vitufe anaweza kutumia mausi peke yake: shika kichwa cha dirisha, kiburute mpaka kishale cha mausi kiguse ukingo wa kushoto au kulia wa skrini, subiri kivuli kitokee, achia. Ukigusa ukingo wa juu, kwenye Windows 7 hadi 10 dirisha linajaza skrini. Kwenye Windows 10 na 11 ukigusa kona, dirisha linakaa robo. Kwa kibodi, robo hupatikana kwa kubonyeza Win na mshale wa kushoto, kisha Win na mshale wa juu au wa chini bila kuachia Win.

Kama kubandika hakufanyi kazi kabisa, huenda kumezimwa. Kwenye Windows 10 na 11, fungua "Settings", ingia "System", kisha "Multitasking", na uwashe "Snap windows". Kuna madirisha mengine, hasa ya programu za zamani, ambayo hayakubali kupunguzwa chini ya ukubwa fulani. Hayo yatavuka mpaka na kumfunika jirani. Suluhisho ni kulipatia dirisha kaidi nafasi linayotaka na kulibana lile jingine.

Windows 11

Toleo hili lilitoka Oktoba 2021, nalo liliondoa amri za ngazi na vigae kwenye ukanda wa chini. Ukibofya kulia pale hutaziona. Wengi walidhani uwezo umekufa, lakini umehama tu.

Kwa vigae, bonyeza Win na Z. Kwenye kona ya juu ya dirisha itatokea michoro midogo ya mipango: nusu kwa nusu, moja kubwa na jingine jembamba, robo nne. Bofya kipande unachotaka dirisha likae, halafu chagua madirisha ya vipande vilivyobaki. Michoro hiyo hiyo hutokea ukipeleka mausi juu ya kitufe cha kupanua dirisha, kile cha kati pale juu kulia, ukatulia bila kubofya. Ukitaka nusu ya juu au ya chini kwa kibodi, ni Win, Alt na mshale wa juu au wa chini.

Kuna anayesikia kwamba mwenzake anapata mpango wa safu tatu na yeye haupati. Mpango huo hutokea kwenye skrini yenye upana wa nukta 1920 au zaidi baada ya kuzingatia ukuzaji, yaani kiasi ambacho Windows imekuza maandishi na alama. Laptopu ya nukta 1920 iliyowekewa ukuzaji wa asilimia 125 huhesabiwa kama ya 1536, na ya asilimia 150 huhesabiwa kama ya 1280. Unaweza kushusha ukuzaji huo kwenye "Settings", "System", "Display", palipoandikwa "Scale". Mimi sikushauri ufanye hivyo kwa skrini ndogo ya laptopu, kwa sababu maandishi yatakuwa madogo na macho yataumia kwa ajili ya safu ambayo huihitaji.

Windows 11 ina jambo moja zuri ambalo matoleo ya nyuma hayakuwa nalo: madirisha uliyoyabandika pamoja hukumbukwa kama kundi. Ukifungua kitu kingine katikati ya kazi, peleka mausi kwenye alama ya moja ya programu hizo chini, na utaona picha ya kundi zima. Ibofye, yatarudi pamoja yalivyokuwa. Kwa wakala wa forodha anayekatizwa na simu kila dakika, hilo linaokoa muda.

Kwa ngazi, Windows 11 bado ina amri ndani yake, ila lazima uiite. Tengeneza njia ya mkato hivi. Bofya kulia mahali patupu kwenye eneo-kazi (desktop). Kwa Windows 11, kama orodha fupi haina "New", chagua "Show more options". Chagua "New", kisha "Shortcut". Kwenye kisanduku andika mstari huu kama ulivyo:

powershell -NoProfile -WindowStyle Hidden -Command "(New-Object -ComObject Shell.Application).CascadeWindows()"

Bonyeza "Next", ipe jina, mfano Ngazi, kisha "Finish". Ukiibofya mara mbili, madirisha yote yaliyo wazi yatajipanga kwa ngazi. Tengeneza nyingine kwa kubadili neno CascadeWindows kuwa TileVertically, itapanga ubavu kwa ubavu. TileHorizontally itapanga juu na chini. Ukipenda kuziita kwa kibodi, bofya kulia njia ya mkato, chagua "Properties", nenda kwenye kisanduku cha "Shortcut key" na ubonyeze herufi unayoitaka, mfano N. Kompyuta yenyewe itaongeza Ctrl na Alt. Iache njia hiyo ya mkato kwenye eneo-kazi, kwa sababu ukiihamishia ndani ya folda ya kawaida vitufe havitaiita.

Kompyuta za ofisi kubwa na za serikali zinaweza kuwa zimezuia amri za namna hii. Hapo zungumza na mtu wa TEHAMA, usihangaike kuzunguka kizuizi.

Ndani ya Excel

Msaidizi wa hesabu analinganisha orodha ya malipo ya mwezi huu na ya mwezi uliopita. Karani wa shamba la mkonge analinganisha marobota yaliyotoka ghalani na yaliyopokelewa bandarini. Wote wana karatasi za Excel zenye mistari mamia, na kwa kazi hii Excel ina vifaa vyake vizuri kuliko vya Windows.

Fungua faili zote mbili. Nenda menyu ya "View" ubofye "View Side by Side". Faili zitakaa pamoja, na kitufe cha "Synchronous Scrolling" kitawaka: ukishusha moja, nyingine inashuka nayo, mstari kwa mstari. Mara nyingi Excel huziweka juu na chini. Ili zikae ubavu kwa ubavu bofya "Arrange All" na uchague "Vertical". Kama moja ina mistari mitatu ya kichwa na nyingine mitano, zima mwendo wa pamoja, zisogeze mpaka mistari inayolingana ikae sawa, kisha uwashe tena.

Kuna wakati karatasi mbili unazozilinganisha zimo ndani ya faili moja, mfano Januari na Februari. Bofya "New Window" kwenye menyu hiyo hiyo ya "View". Excel itafungua dirisha la pili la faili ile ile, na majina yataongezewa 1 na 2. Bofya "Arrange All", weka alama kwenye "Windows of active workbook" ili faili nyingine zisiingie, kisha chagua "Vertical". Upande mmoja fungua Januari, upande wa pili Februari. Hizi si nakala mbili. Ukibadili tarakimu upande wa kushoto umebadili faili yenyewe, na kulia itaonekana.

Nafasi ikibana, Ctrl na F1 huficha vitufe vya juu na kukurudishia mistari kadhaa. Bonyeza tena virudi.

Word nayo ina "View Side by Side". Inafaa sana kwa anayelinganisha mkataba wa awali na uliorekebishwa. Na kama ofisi yako inatumia QuickBooks, programu ya hesabu, ile ya kwenye kompyuta, ina menyu yake ya "Window" yenye amri za ngazi na vigae kwa ajili ya madirisha ya ndani ya programu tu. Amri za ukanda wa chini haziyagusi hayo.

Ngazi inafaa wapi

Nimeona waandishi wengi wa mambo ya kompyuta wakiipuuza ngazi, wakisema imepitwa na wakati. Sikubaliani nao. Chukua steshenari siku za mwisho za maombi ya mikopo ya wanafunzi. Kuna barua sita za kuprinti, kila moja ya mteja wake, zote zimefunguliwa na zinasubiri zamu. Kwenye ukanda wa chini zimejibana ndani ya alama moja ya Word na majina hayasomeki. Zipange kwa ngazi na majina sita yanaonekana. Unabofya kichwa cha barua, inakuja mbele, unaprinti, unaifunga, unakwenda ya pili. Foleni ya watu imelingana na foleni ya skrini.

Ili hilo lifanye kazi, faili ziwe na majina yanayoeleweka. Ngazi ya "Document1", "Document2" na "Document3" haimsaidii mtu. Hifadhi kila barua kwa jina la aina ya kazi na herufi za kwanza za jina la mteja mara tu unapoifungua.

Fahamu pia kwamba ngazi hubadili ukubwa wa madirisha yote. Kama ulikuwa umepanga vizuri madirisha mawili pembeni, amri ya ngazi itavunja mpango huo.

Dirisha lililopotea nje ya skrini

Umechomoa monita ya pili au projekta ya ukumbini, umefungua programu, alama yake inaonekana chini lakini dirisha halionekani popote. Lipo, limebaki kwenye eneo la ile skrini isiyokuwepo.

Amri ya ngazi ni mojawapo ya dawa zake, kwa sababu huyavuta madirisha yote na kuyapanga upya kuanzia kona ya juu kushoto ya skrini. Dawa nyingine ni kulichagua dirisha kwa Alt na Tab, kisha kubonyeza Win, Shift na mshale wa kushoto au kulia. Hii hulihamisha kutoka monita moja kwenda nyingine. Ikishindikana, lichague kwa Alt na Tab, bonyeza Alt na kitufe cha nafasi, bonyeza M, bonyeza mshale wowote mara moja, halafu sogeza mausi bila kubofya. Dirisha litafuata kishale. Bofya kuliachia.

Monita ya pili, Mac na Linux

Kwa anayelinganisha karatasi kutwa nzima, monita ya pili ya mtumba ni matumizi bora ya fedha kuliko kuongeza laptopu mpya. Ichomeke, bonyeza Win na P, chagua "Extend". Weka fomu kwenye moja na nyaraka kwenye nyingine. Kama fedha hazijapatikana, Win, Ctrl na D hukufungulia eneo-kazi jipya kwenye Windows 10 na 11, na Win, Ctrl na mishale hukuhamisha kati yao. Hilo linatenganisha kazi za wateja wawili, ila halikuonyeshi karatasi mbili kwa pamoja, kwa hiyo si mbadala wa vigae.

Kwenye Mac, toleo la macOS Sequoia la mwaka 2024 lilileta kubandika pembeni: buruta dirisha mpaka ukingoni, au fungua menyu ya "Window" uchague "Move & Resize". Kwenye Ubuntu na Linux Mint ni kile kile kitufe cha Win pamoja na mishale.

Madirisha ya wateja tofauti

Skrini yenye madirisha mawili inaonyesha taarifa mara mbili zaidi, na kwenye steshenari kila anayeegemea kaunta anaiona. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na namba ya kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na hati za benki vimo ndani ya ulinzi wake. Usipange kwa vigae nyaraka za wateja wawili. Ngazi ya barua sita ni salama kiasi kwa kuwa, ukiacha ile ya mbele, vichwa tu ndivyo vinavyoonekana, ndiyo maana nimesema jina la faili liwe na herufi za mteja na si jina lake kamili.

Win na D huficha kila kitu mara moja mtu asiyehusika akisogea karibu, na ukibonyeza tena madirisha yanarudi. Lakini kuficha si kufunga. Kazi ya mteja ikiisha, funga kila dirisha lake kwa Alt na F4, fungua folda ya "Downloads" na ile ya skana, ufute nakala zake huku yeye mwenyewe akiona, kisha umwage na pipa la taka la kompyuta. Baada ya hapo muite anayefuata.